Kamera ya Bi Mishi na Saa za Serikali

Bi Mishi hakuwa na ugomvi na mtu wala kitu katika mji wote wa Nairobi, ukiondoa saa za wenyeji wake na Bwana Mbarak wa duka la mkabala.

Tuanze na saa, kwa kuwa ndizo zilizotaka kumpeleka mtoto wa watu jela. Bi Mishi aliletwa Nairobi kutoka Mombasa akiwa bi harusi, na mumewe akamkabidhi vitu viwili: duka la kanzu na mabuibui katika kichochoro nyuma ya Msikiti wa Jamia, na saa ya ukutani aliyoirithi kwa babake. Mume alipotangulia mbele ya haki, mjane akabaki na vyote viwili, na binti mmoja, Nisreen. Saa ile ilikwenda kwa desturi ya wazee wa pwani. Jua likichomoza na watu wakasema ni saa moja, mshale wake mfupi ulikuwa kwenye moja. Watu wakisema saa sita, adhuhuri ikikaribia, mshale uko kwenye sita. Nairobi nzima, yenyewe, hutazama mshale ulio kwenye saba ikasema "saa moja", ikatazama mbili ikasema "saa nane", na hakuna anayejiona ana kasoro. "Jicho linaona saba, mdomo unasema moja," Bi Mishi alikuwa akiwaambia wateja huku akiwapima mabega. "Mtu kama huyo utamwamini kwa neno gani?" Saa yake ya mkononi nayo ilikwenda kwa desturi hiyo hiyo, na ya jikoni kwake Kileleshwa pia, na mgeni aliyeuliza wakati nyumbani humo aliondoka na hotuba badala ya jibu.

Bwana Mbarak ni hadithi fupi zaidi. Naye alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya kuombea dua, na naye aliuza kanzu, mabuibui, udi na manukato, hatua chache tu kuvuka kichochoro. Ugomvi ulianza siku mke wa wakili mmoja wa Kileleshwa alipoingia kwa Bi Mishi, akajaribu buibui baada ya buibui, akanywa kahawa mpaka birika likakauka, kisha akavuka akanunua kwa Mbarak. Mbarak hakujua lolote. Aliuza buibui, akarudisha chenji, akasema asante. Lakini tangu siku hiyo Bi Mishi alimwamkia kwa salamu kavu, ile ya kuepuka dhambi tu.

Basi ikawa miaka ile ya elfu mbili na kitu, kamera za ulinzi zikaanza kuingia maduka ya mjini, na mwizi akaingia kwa Bi Mishi akaondoka na robota zima la hariri. Bi Mishi akapanda mpaka Hurlingham, kwa Krish, kijana aliyeuza vyombo vya umeme kwenye Barabara ya Argwings Kodhek, akanunua kamera moja pamoja na mashine yake ya kurekodi. Krish akaja kuifunga mwenyewe. Akaielekeza ndani, kwenye rafu, akaweka tarehe na saa, akashuka kwenye ngazi.

"Anti, kila kitu nimeset poa," akasema. "Lakini hii rimoti usiguse, sawa?"

"Nitaigusa ya nini, mwanangu?"

Aliigusa kabla Krish hajafika Hurlingham. Ilikuwa saa tano asubuhi, na kioo cha mashine kilikuwa kikimwambia kumi na moja. Bi Mishi hakuwa tayari kulipia uongo, halafu uwake usiku na mchana dukani mwake. Akabonyeza, akapotea, akabonyeza tena, akaingia mahali palipomuuliza kama anataka lugha ya Kikorea, akatoka salama, na mwishowe kioo kikasema tano. Akaridhika, akajimiminia kahawa.

Kamera yenyewe haikudumu kutazama rafu. Wiki haikuisha Bi Mishi alichukua mpini wa ufagio akaisukuma taratibu, mpaka ikaacha kutazama hariri ikatazama nje, juu ya kizingiti, moja kwa moja kwenye mlango wa Mbarak. "Mwizi hutoka nje," aliwaeleza waliouliza. Jioni alikaa mbele ya kioo na bakuli la korosho, akawatazama walioingia na kutoka kule: mke wa imamu na chupa ya manukato, yule wakili mwenyewe na kanzu mbili, tena za mikono mirefu. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na wahenga hawakuwahi hata kuona kamera.

Kichochoro kikajua. Kichochoro hujua kila kitu. Wateja wa Mbarak ambao pia walikuwa wateja wa Bi Mishi wakaanza kuvuka kwa haraka, wanaume wakivuta skafu puani, wanawake wakishusha ushungi, kama watu wanaopita penye vumbi. Aliyejificha kuliko wote alikuwa Mujahid, mtoto wa Mbarak. Kijana huyu alitengeneza kompyuta, akizungukia ofisi za watu na begi jeusi begani, na alikuwa na sababu ya ziada. Alimpenda Nisreen, Nisreen alimpenda yeye, na Bi Mishi alikwisha sema kwamba binti yake hataolewa kwenye duka lile hata dunia igeuke. Kwa hiyo kila akitoka kwa babake Mujahid alitazama kulia, akatazama kushoto, akainua macho kwenye kamera, akavuta skafu juu ya pua, akaondoka upesi. Nisreen alikuwa akiziona picha hizo jioni pamoja na mamake, akificha kicheko kwa korosho.

Sasa utani ukae kando kidogo. Siku moja ya Alhamisi, saa nane u nusu mchana, bomu lililipuka mwishoni mwa kichochoro, kwenye ofisi ya kukatia tiketi za basi. Vioo vya mtaa mzima vilishuka. Watu walikimbia na kiatu kimoja mguuni, na mama mmoja alikuwa akiita jina la mtoto aliyekuwa amemshika mkono. Waliumia wengi. Kilonzo, aliyeuza magazeti pale kona na aliyemjua Bi Mishi tangu akiwa bi harusi, alipelekwa hospitali mguu ukiwa haufai tena. Bi Mishi mwenyewe alikuwa nyuma kabisa ya duka, amejinyoosha kidogo juu ya marobota, na alitoka nje hana ushungi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alilia mbele ya watu, na wala hakujali.

Kesho yake akaja Inspekta Nthenya, mwanamke mrefu aliyezungumza polepole, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma ushahidi wa mashine: simu, kompyuta, na picha kama hizi. Alitazama juu ya kizingiti.

"Mama, hii kamera inafanya?"

"Inafanya sana."

"Na saa yake iko sawa?"

Bi Mishi alijinyoosha. "Mwanangu, katika mji huu wote, hiyo ndiyo saa pekee iliyo sawa."

Nthenya akaliandika neno hilo kama lilivyo, Bi Mishi akatia sahihi, na mashine ikafungwa kwenye gunia, ikatiwa lakiri, ikaondoka. Siku mbili zile Bi Mishi alikuwa mtu mkubwa. Watu walimwita Mama Kamera. Aliwaambia wote kwamba binadamu husahau na binadamu husema uongo, lakini kamera haidanganyi, na akaongeza bei ya hariri kidogo.

Siku ya tatu polisi walirudi, wakapita mlangoni kwake, wakavuka, wakamchukua Mujahid.

Habari ilisambaa kabla gari halijapinda kona. Kamera ya Bi Mishi ilikuwa imemwona. Saa nane na dakika ishirini, muda mfupi tu kabla ya mlipuko, alitoka kwa babake na begi jeusi zito, nyaya zikichungulia. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaitazama kamera, akaufunika uso, akaelekea kule kwenye ofisi ya tiketi. Chini ya picha moshi ulikuwa ukifuka. Kisha, dakika chache baadaye, rekodi ikakatika, na ni kweli kwamba mlipuko ulikuwa umekata stima, ule umeme wa kichochoro kizima.

Kulikuwa na jambo moja dogo lililomsumbua Inspekta Nthenya, nalo alikuwa amelitatua kwa akili. Kwenye picha tarakimu zilisomeka 02:20, yaani saa nane ya usiku, na jua lilikuwa linawaka. Hakuna jua saa nane ya usiku. Basi aliyeweka saa aliteleza, akaweka usiku mahali pa mchana, kosa ambalo amekutana nalo mara nyingi: ongeza saa kumi na mbili, na kila kitu kinakaa mahali pake. Na kweli kilikaa. Kilikaa vizuri mno.

Bi Mishi aliposikia, aliogopa. Kisha, tuseme ukweli maana hata yeye baadaye aliusema, kulikuwa na sauti ndogo ndani yake iliyosema, unaona, mlango ule sikuukazia macho bure. Aliikemea sauti hiyo. Haikutoka mara moja.

Nyumbani Kileleshwa, Nisreen hakula. Sahani ya wali ilikaa mbele yake mpaka ikapoa.

"Alikuwa mtaa wa Satellite, Mama," akasema. "Alikwenda tangu asubuhi. Kuna Bi Milcah, ana ofisi ya kuchapa barua huko, kompyuta zake zilikufa. Lile begi lilikuwa na betri ya kompyuta hizo."

"Huyo Bi Milcah si aseme?"

"Amesema. Alimwacha anafanya kazi, akaenda sokoni, akarudi saa kumi akamkuta. Wanasema saa nane hakuna aliyemwona."

"Na wewe unajuaje alikuwa huko?"

Nisreen akakitazama kijiko. "Alinipigia saa nane."

"Alikupigia kwa ruhusa ya nani?"

"Mama!" Binti alisimama, na machozi yakamwagika. "Mtu anafungwa maisha, wewe unauliza ruhusa? Rekodi za simu zitachukua wiki kadhaa, na wiki kadhaa atakuwa wapi? Wewe ndiye uliyempeleka huko. Wewe na jicho lako."

Bi Mishi alifunika ule wali kwa kawa, akakaa jikoni, akaitazama saa ya humo bila kuiona.

Asubuhi, wakati anafungua makufuli, aliona kivuli kikivuka kichochoro. Bwana Mbarak alisimama kwenye kizingiti cha Bi Mishi, kofia mkononi. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amewahi kukanyaga pale.

"Bi Mishi, sabalkheri."

"Alkheri, Bwana Mbarak."

"Nimekuja kwako kama mtu anavyokwenda kwa ndugu." Aliigeuza kofia yake. "Sikulaumu. Umetoa ulichokuwa nacho. Lakini ile mashine ni yako. Mimi wakinionyesha naona mwanangu tu, macho yanajaa maji, sioni kingine. Nakuomba uende uitazame wewe. Ukirudi ukaniambia ndiye, na ilikuwa saa nane, basi nitaacha kusema si yeye."

Bi Mishi alikuwa amejiandaa kwa matusi, na matusi angeyamudu, maana alikuwa na akiba yake. Kwa upole ule hakuwa na akiba. Akafunga tena kufuli alilokuwa amekwisha lifungua, akasema, "Twende sote."

Ofisi ya Inspekta Nthenya ilikuwa chumba kidogo chenye kompyuta mbili na saa kubwa ya serikali ukutani. Aliwapokea kwa heshima, akawapa viti, akasema hana desturi ya kuonyesha ushahidi kwa kila aombaye, ila mwenye kamera anayo haki ya kuthibitisha kamera yake. Aliwasha kompyuta. Alikuwa ametoa diski ndani ya mashine na kuisoma humo. Mashine yenyewe ilikuwa imerudishwa kwenye gunia lake, ikatiwa lakiri upya, ikawekwa stoo.

Picha ikaja. Kichochoro, jua, mlango wa Mbarak. Mujahid akatoka, akatazama kulia, kushoto, juu. Mbarak akainamisha kichwa. Bi Mishi alikuwa ameziona picha kama hizo jioni nyingi, na bakuli la korosho. Kisha moshi ukaanza kupanda chini ya picha, mweupe, ukizungukazunguka.

"Huu moshi hatujaujua bado," Nthenya akasema. "Tumefikiria ni kitu kimewashwa kwa mlango yako. Mlikuwa mnachoma nini?"

Bi Mishi akasogea. Ndani ya moshi, kwa kitambo kidogo tu, kulionekana kitu cha udongo na mkono ulioshika kitu hicho, na kwenye mkono bangili tatu.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe unachoma nini?"

"Sichomi kitu. Nafukiza. Hicho ni chetezo, na huo ni ubani. Kila siku nikifungua duka nafukiza, napata baraka."

Nthenya akaacha kuandika. "Unafukiza saa nane mchana?"

"Mimi?" Bi Mishi karibu acheke. "Nani anafukiza duka saa nane mchana? Wateja wameingia na kutoka, baraka inakuja kufanya nini? Ubani ni asubuhi. Saa mbili, saa mbili na kitu, kama ilivyoandikwa hapo."

"Wapi?"

"Hapo!" Akaelekeza kidole kwenye 02:20. "Saa mbili na dakika ishirini."

"Mama, hiyo ni saa nane."

"Mwanangu, hiyo ni mbili. Mbili na sifuri ubavuni. Nane iko wapi hapo?"

Inspekta Nthenya alizitazama tarakimu, akaitazama saa ya mkononi ya Bi Mishi, mkono ukiwa juu ya meza mbele yake. Akainamia. Kisha akainua macho polepole mpaka kwenye saa ya serikali ukutani, ambayo ilikuwa inaelekea saa tano na robo na mshale wake, kama kawaida ya mishale ya Nairobi, umepita kumi na moja.

"Uliniambia kamera yako ndiyo saa pekee iliyo sawa," akasema.

"Ndiyo."

"Sawa na nini?"

Hapo Bi Mishi akaona shimo lilipo, na nani alilichimba. Angeweza kusema Krish ndiye aliyeiweka. Angeweza kusema hajui mambo ya mashine, mjane wa watu, na wote wangeamini. Alimtazama Bwana Mbarak, aliyekuwa bado ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Niliibadilisha," akasema. "Krish aliiweka kwenu, saa za serikali. Mimi nikaiweka kwetu. Siku ile ile. Aliniambia nisiguse."

Nthenya hakucheka wala hakukasirika. Alipiga simu, gunia likaletwa, akawaonyesha lakiri haijaguswa, akaikata mbele yao. Mashine ikachomekwa. Kioo kikapepesa, kikawaka. Kama hesabu yake ya saa kumi na mbili ilikuwa sawa, alisema, mashine lazima isome ishirini na tatu na robo, yaani saa tano na robo ya usiku. Wote watatu wakainama. Mashine ilisoma 05:15, saa sita nyuma, si kumi na mbili.

Mbarak akatoa sauti ndogo, si neno.

"Na mwisho wa rekodi?" Nthenya akauliza, zaidi akijiuliza mwenyewe. "Inaisha saa... inaisha asubuhi."

"Stima ilipotea asubuhi ile, hata ubani haujaisha," Bi Mishi akasema. "Ilirudi baadaye. Mashine hiyo ikizimika haijiwashi, mpaka uibonyeze. Sikuibonyeza. Stima Nairobi ikipotea nani anakumbuka?"

"Sawa." Nthenya aliandika, kisha akaiweka kalamu chini. "Imebaki kitu moja, na hiyo nitaulizwa na wakubwa. Asubuhi ama mchana, huyu kijana anaona kamera anaficha uso. Mtu hana hatia anajificha nani?"

Swali hilo halikuwa na tarakimu za kuelekeza kidole. Bi Mishi alijua jibu, na Mbarak alijua, na kwa adabu yake Mbarak akageuka akatazama dirishani, apate kutokuwepo. Adabu hiyo ndiyo iliyomwuma zaidi. Mficha uchi hazai, akajisemea moyoni, na akafungua kinywa.

"Ananificha uso mimi."

"Wewe?"

"Kamera ilikuwa ya kulinda hariri. Nikaigeuza kwa ufagio, itazame mlango wa huyu bwana, nijue nani anamwacha Mishi anakwenda kwa Mbarak. Kichochoro chote kinafunika uso pale. Turudishe nyuma, utaona." Alivuta ushungi, akaendelea. "Na huyu kijana anamtaka binti yangu, nami nimemkataza. Basi anafunika zaidi ya wote. Hakuwa anaficha bomu, mwanangu. Alikuwa anamwogopa mama mkwe."

Nthenya akarudisha nyuma. Jumatano: mzee mwenye fimbo, skafu puani. Jumanne: wanawake wawili, ushungi chini. Jumatatu: yule wakili wa Kileleshwa, gazeti limefunguliwa mbele ya uso wote, nusura ajikwae. Hapo Inspekta Nthenya alishindwa. Aliweka kiganja mdomoni, mabega yakatikisika, na Bi Mishi akaona, kwa mshangao, kwamba Bwana Mbarak naye alikuwa anacheka huku machozi yanamchuruzika ndevuni.

Haki ina miguu mizito. Kampuni ya umeme iliulizwa, Krish aliulizwa, naye akasema, "Nilimwambia anti asiguse!" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwishowe Mujahid akaachiliwa, amekonda, shati linaning'inia. Mtu aliyetega bomu lile hakuwa kwenye kamera ya Bi Mishi kabisa, na jambo hilo lilimkera mno: jicho lake lilikuwa limemwona kila mtu kichochoroni isipokuwa yule aliyetakiwa. Nthenya aliendelea kumtafuta kwa njia nyingine. Kilonzo alirudi kwenye kona yake na magongo mawili, na Bi Mishi akawa ananunua magazeti ambayo hakuyasoma.

Posa ilikuja, kama mnavyotarajia. Bwana Mbarak alituma ujumbe kwamba wazee watafika Ijumaa saa kumi, na Bi Mishi akajibu, "Kumi ya kwetu au ya serikali?" ili watu wajue hajafa. Krish aliitwa kuiweka upya saa ya mashine. Bi Mishi alimkabidhi rimoti aende nayo Hurlingham, akaifiche huko. Saa ya ukutani, aliyoiacha marehemu, hakuna aliyeigusa.

Asubuhi moja katika wiki hiyo alipanda kwenye ngazi mwenyewe, akaigeuza kamera itazame rafu. Kisha akawasha makaa, akatia ubani, akafukiza kwake, na chetezo kingali kinatoa moshi akavuka kichochoro kwenda kufukiza duka la Mbarak. Alikuwa katikati ya njia alipomwona Mujahid anakuja kutoka kona ya Kilonzo. Kijana hakuwa anamtazama yeye. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama juu, kwenye mlango wa benki, kwenye dirisha la duka la simu, popote palipoweza kuwa na jicho, na mkono ukapanda wenyewe, ukavuta skafu juu ya pua. Zamani ulikuwa mchezo.

Bi Mishi aliona, na ilimwuma kuliko yote aliyoyasema kwa polisi. Akakiweka chetezo chini, palepale barabarani, akamwendea.

"Shikamoo, Mama," Mujahid akasema ndani ya kitambaa.

"Marahaba." Alinyoosha mkono wenye bangili tatu, akaishika skafu, akaishusha taratibu mpaka kidevuni. "Funua uso, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kujificha. Mimi nimeacha kutazama."

Mujahid alisimama uso wazi, jua likimpiga, akipepesa macho kama mtu aliyetoka gizani. Bi Mishi aliikunja skafu, akamtilia mfukoni mwake, akaokota chetezo chake, na wakaingia kwa Bwana Mbarak kunywa kahawa.